Kontrakti Inayompenda Akeyo

Koplo Ruqaiya Marjan alipewa hii kesi sababu ya printa. Printa ya kituo ilimeza karatasi, mafundi wakaja wakashindwa, yeye akaichomoa na pini ya hijabu yake. Basi, ikatosha. Toka siku hiyo kitu chochote chenye waya kikikwama, au mtu akiibiwa ndani ya simu, mkuu wa kituo, OC Kidega, anatoa kichwa kwenye korido na kuita, "Mleteni Marjan wa kompyuta." Marjan alisomea alama za vidole. Nani alimuuliza.

Asubuhi hiyo akakuta OC amekaa na mzee mmoja wa kaunda suti ya kijani, mgongo umenyooka kama bado yuko gwaride, kofia juu ya goti.

"Huyu ni Chairman Obita," OC akasema. "Anaongoza wauza chakula wa kile kichochoro cha mahosteli. Anachoma nyama pale. Ameibiwa."

"Ameibiwa nini, afande?"

"Kona."

Marjan akamgeukia mzee. "Kona imeenda wapi?"

"Kona iko," Obita akasema. "Haijatoka pale. Zamu ndio imeibiwa. Imeibiwa na blokcheni."

OC akafumba macho. Ilionekana hilo neno limeshapita masikioni kwake mara nyingi na hakuna mara limeacha kitu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wandegeya, mtaa wa wanafunzi hapa Kampala, nyuma ya barabara kubwa, kuna kichochoro ambacho wanafunzi wanatokea wakiwa na njaa. Geti ni moja. Anayepanga jiko lake pale kwenye kona ya geti anauza mpaka anakwangua sufuria. Wale wa nyuma huko wanauzia nzi. Ndio maana kila Jumatatu wanapiga kura, nani akae konani wiki hiyo. Zamani kura ilikuwa ndoo: nati kubwa za lori, kila mtu na rangi yake, Chairman anaingiza mkono anatoa moja. Watu wakaanza kunung'unika kuhusu ndoo. Kijana mmoja wa duka la kuchapisha, Khisa, akawaambia yeye ni mtu wa programu, atawatengenezea kontrakti ya blokcheni, itapiga kura yenyewe, hakuna mkono wa mtu. Wakafanya uzinduzi na soda. Kontrakti ikaanza kazi vizuri, leo huyu, kesho yule, kila mtu anacheka.

"Halafu mvua ikaanza," Obita akasema, "na Akeyo akaanza kushinda."

"Akeyo ni nani?"

"Mama wa kikomando. Mkenya. Kila Jumatatu kontrakti inasema Akeyo. Jumatatu nyingine, Akeyo. Afande, hata mume hawezi taja jina la bibi yake namna hiyo."

"Na wewe unataka nini?"

"Leo saa kumi tunakaa kikao. Tunamtoa. Si konani, kwa kichochoro yote. Abebe jiko, abebe benchi, aende. Mimi nataka polisi ije imshike pale, mbele ya watu, ndio ikuwe na heshima."

OC akafungua macho. "Marjan, saa kumi. Kama ni mwizi, mlete. Kama si mwizi, usirudi hapa na hilo neno."

*

Akeyo alikuwa konani, maana ilikuwa Jumatatu na kura ya asubuhi ilishamtaja tena, anakata chapati na kisu, tak tak tak, anazitupa ndani ya maharage. Ndio kikomando yenyewe hiyo, chakula ya mwanafunzi ambaye pesa ya nyumbani bado iko njiani. Alikuwa mama mnene wa kanga mbili, na alimwona afande kabla afande hajamwona.

"Afande, unakula ama unakamata?"

"Nauliza kwanza."

"Basi uliza ukikula. Hii maharagwe haina kesi."

Marjan akakaa kwenye benchi. Sahani ikaja kabla hajasema ndiyo. "Wanasema umeingia ndani ya kontrakti."

"Na nini, mwiko?" Akeyo akapangusa mkono, akatoa simu kwenye kifua cha blauzi, akaiweka mezani. Ilikuwa kitochi, kale kasimu kadogo ka tochi. Vibonyezo vimefutika namba, betri imefungwa na mpira. "Hii ndio kompyuta yangu. Chukua, pekua. Ukipata hiyo blokcheni ndani niitie, hata mimi nataka kuiona."

Marjan akaichukua kweli, akaifungua nyuma, akaangalia, akairudisha. "Kijana aliyeitengeneza ni Mkenya pia."

"Kwa hivyo Wakenya wote tulizaliwa nyumba moja? Khisa hata chapati yangu hanunui. Anasema chumvi mingi."

"Lakini unashinda kila wiki."

"Nashinda. Na hiyo ndio shida yangu. Unajua kushinda mpaka uchukiwe? Wiki ile ya tatu nilisimama nikasema, jamani, hii kona mpeeni mwenzetu Lakica, mimi narudi nyuma. Chairman akasema mtu akirudisha kitu ni kwa sababu aliiba. Nikikaa, mwizi. Nikitoka, mwizi." Kisu kikasimama. "Nilikuja hapa hiyo hosteli ikiwa na ghorofa moja. Watoto wangu wamesoma na hii sufuria. Leo wakinitoa naenda wapi? Kila kichochoro ya Kampala iko na chairman wake na watu wake. Sisi watu wa kuja tukifukuzwa kwa jina la wizi, jina inafika kabla ya jiko."

Marjan akatafuna polepole. "Wakati wa ndoo, nani alikuwa anashinda sana?"

"Chairman."

"Kila wiki?"

"Hapana, yeye ana akili. Wiki hii yeye, inayofuata mtu mwingine, halafu yeye tena. Wiki ya kufungua chuo, yeye. Wiki ya mahafali, yeye. Tulisema Mungu amempenda. Hata nati yake ilikuwa ya ajabu."

"Ajabu gani?"

"Ile nyekundu. Akiitoa kwa ndoo inatoka jasho. Anaipangusa na leso ndio anainua juu tuone."

"Nati inatoka jasho?"

"Lakica alisema ni nguvu ya maombi." Akeyo akarudi kukata. "Malizia hiyo, afande. Kama unanikamata, shiba kwanza, mimi ni mzito."

*

Duka la kuchapisha lilikuwa barabarani, kelele tupu, mashine inabana vitabu vya wanafunzi kwa upande mmoja na feni inapiga kelele bila kutoa upepo kwa upande mwingine. Khisa alikuwa kijana mwembamba wa miwani. Akaona yunifomu, akaanza kujitetea na hakuna mtu amemgusa.

"Afande, mimi ni Mbukusu, yeye ni Mjaluo. Wakisema tumepanga wizi pamoja, huko nyumbani hawataamini, watacheka."

"Kaa chini. Hii kontrakti inafanyaje kazi? Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu nilishamweleza. Alisema nirudi shule." Akavuta kiti. "Sawa. Blokcheni ni kitabu ambacho kila mtu ana nakala, kwa hivyo hakuna anayeweza kufuta usiku. Kuna walinzi wanaokubaliana ukurasa mpya uandikwe nini. Na hawa walinzi si watu wa kuaminiwa bure, kila mmoja ameweka mali yake rehani. Akidanganya, inakatwa."

"Kama mtu wa kichochoro kuweka jiko lake mezani kabla ya kuhesabu kura."

"Hapo hapo. Akeyo jiko, Lakica karai, Chairman ile friji yake ya soda, ndio friji ya pekee pale. Ukidanganya, unaenda nyumbani mikono mitupu. Sasa, walinzi wakimaliza ukurasa, kila ukurasa unatoka na namba moja kubwa ya ajabu, hakuna anayeijua kabla. Kontrakti yangu inachukua hiyo namba, inaigawa kwa idadi ya wanachama, ile inayobaki ndio kiti cha mshindi. Safi. Haina mkono wa mtu."

"Na ilifanya kazi."

"Miezi mingi. Kila mtu alipata kona."

"Halafu ukabadilisha nini?"

"Hakuna."

Marjan akamwangalia. Kwa miaka yote ya kuuliza watu maswali alikuwa amegundua jambo moja: mtu akisema hajabadilisha kitu, muulize amehamisha nini. Ni mambo mawili tofauti na watu wanasahau la pili.

"Ulihamisha nini?"

Khisa akashika miwani. "Ah. Hiyo nilihama. Ule mtandao mkubwa ulikuwa unanikula ada, kila kura nalipa mimi mfukoni. Kuna mtandao mpya unaitwa Pacha, wa rehani vile vile, ada yake hata peremende hununui. Na wamejitangaza wazi, kontrakti yako ya kule inaingia huku bila kubadilisha hata mstari mmoja. Inapatana kabisa."

"Na hukubadilisha mstari."

"Hata nukta."

"Ulihama lini?"

"Sijui, wakati ule mvua inaanza..." Mdomo wa Khisa ulikuwa umefika kabla ya kichwa.

"Endelea."

"Lakini haiwezi kuwa hiyo, afande. Ingekuwa haipatani ingekataa. Ingeleta maandishi mekundu. Ilikubali yote, majina, kura, kila kitu. Hakuna kosa hata moja."

"Kwa alama za vidole," Marjan akasema, "kitu cha kwanza unaondoa alama za mwenye nyumba. Halafu unaangalia kilichobaki. Unaweza kupiga kura ya uongo? Isiyohesabiwa?"

"Naweza kutengeneza nakala."

"Tengeneza."

Ikachukua muda wa mwanafunzi kuja kuchapa tasnifu, kukuta kurasa zimegeuka juu chini, kulia machozi, na kuchapiwa tena. Halafu Khisa akageuza kioo cha kompyuta.

"Piga," Marjan akasema.

Akeyo.

"Tena."

Akeyo.

"Tena, na sasa kwanza fungua mlango hewa iingie." Hakuna aliyejua mlango unahusika nini, lakini Khisa alikwenda akafungua, akarudi, akapiga.

Akeyo.

"Sasa mtoe Akeyo. Mfute kabisa."

Khisa akamfuta. Akapiga. Wote wawili wakainama.

Lakica.

"Piga."

Lakica. Na tena, Lakica.

"Lakica huyu ni nani?"

"Muuza kabalagala. Ule mkate wa ndizi. Aliandikishwa wa mwisho kabisa." Khisa akakuna shingo. "Ah, hii naelewa. Ukimtoa mtu katikati, kontrakti inamchukua yule wa mwisho inamkalisha kwa kiti kilichobaki wazi. Nimeiandika hivyo isiache mapengo."

"Kwa hiyo Lakica amekaa kiti cha Akeyo."

"Eeh."

"Na kura imekuja naye."

"Eeh."

Marjan akajiegemeza nyuma. Feni ikapiga kelele. "Basi mwizi si mtu. Mwizi ni kiti. Tungemfunga Akeyo leo, Jumatatu ijayo tungerudi kumfunga Lakica, halafu yule anayefuata, mpaka kichochoro chote kiwe ndani na wanafunzi wafe njaa. Hebu nionyeshe ile namba kubwa ya ajabu. Yenyewe, kabla hujaigawa."

Khisa akaandika, akabonyeza. Kwenye kioo ikatoka 1. Akabonyeza tena. 1. Akabonyeza kwa hasira. 1. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akabonyeza.

1.

"Ndio namba kubwa hiyo?" Marjan akauliza.

Khisa alikuwa ameshafungua maelezo ya Pacha, anashuka, anashuka, mpaka kule chini ambako maandishi ni madogo kama sisimizi. Akasoma kimya, midomo inatembea. Akaegemeza paji la uso kwenye meza.

"Soma kwa sauti."

"Wanasema Pacha haina ile namba ya bahati," Khisa akasema na meza. "Walinzi wao hawaitoi. Lakini kontrakti za zamani zinaiuliza, na zisipojibiwa zinakwama. Kwa hivyo ili zisikwame, wanajibu moja. Daima."

"Yaani ulitunga mtihani, pacha wa mtahiniwa akaja na sura ile ile, jina lile lile, na kila swali akaandika moja."

"Na mimi nikampa alama zote." Akainua kichwa, kalamu iliyokuwa mezani imemwachia mstari kwenye paji la uso. "Moja ukiigawa kwa watu wote wale, inabaki moja. Milele. Afande, mimi nimeharibu maisha ya yule mama."

"Bado. Saa kumi haijafika. Sasa niambie, kwa nini yeye ndiye moja? Nani alipanga viti?"

"Hakuna aliyepanga. Ni vile walivyobonyeza kidole siku ya uzinduzi, kwa simu yangu, mmoja mmoja. Nina video."

Akaitafuta. Marjan akaangalia mwanzo wa ile video, akasema, "Rudisha nyuma." Akaangalia tena, akamnong'oneza Khisa swali moja, akapata jibu. Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mabega, halafu mpaka mwenye duka akazima mashine ya vitabu aje aone polisi gani huyu.

"Hiyo simu usiizime," akamwambia Khisa, anafuta macho na ncha ya hijabu. "Na ujaze chaji."

*

Saa kumi kichochoro kilikuwa kimejaa. Mabenchi yamepangwa, majiko yamefunikwa, wanafunzi wawili watatu wamekaa kwenye ukuta wakidhani kuna mechi. Chairman Obita alikuwa mbele, nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, kofia kichwani. Akeyo amesimama pembeni ya sufuria yake. Jiko lake lilikuwa limezimwa na kanga ya pili ameifunga kiunoni, ile funga ya mtu anayejiandaa kubeba vitu.

"Protokoli yote imezingatiwa," Obita akaanza. "Polisi iko. Mshitakiwa iko. Shauri letu ni moja, kuiba zamu na njia ya kompyuta. Wanaosema aende, watainua mkono. Lakini kwanza afande atasema vile ameona, halafu atamshika."

Marjan akasimama. Hakusogea mezani.

"Akeyo hajaiba kitu," akasema.

Kichochoro kikaguna.

"Kontrakti ilihamishwa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Ikakubali kuhama, haikulalamika. Lakini kule ilikohamia, ile namba ya bahati haibadiliki. Inasema moja. Kila Jumatatu, moja. Basi anayekaa kiti namba moja atapata kona mpaka dunia iishe, awe Akeyo, awe Lakica, awe mbuzi."

Lakica, ambaye alikuwa mwanamke mrefu wa aproni yenye unga, akajivuta kidogo mbali na jina lake.

Chairman Obita alikuwa amesimama taratibu, vidole vyote kwenye kitambaa cha meza. "Afande. Rudia ile namba."

"Moja."

"Kiti namba moja."

"Ndiyo."

"Namba moja ni mimi."

Watu wakageuka.

"Ni mimi," Obita akasema, na sauti ikaanza kupanda ngazi. "Siku ya uzinduzi mimi ndio nilibonyeza kidole kwanza. Watu yote hapa iliona. Iko mpaka na video. Kwa hiyo kontrakti iko sawa kabisa. Mimi nilisema toka zamani, mashine haina makosa, makosa ni ya binadamu. Hii kona yote, toka mvua, ilikuwa yangu." Akamgeukia Akeyo na kidole. "Wewe mama umekula kona yangu."

"Saa hizi kontrakti ni nzuri?" Akeyo akauliza. "Asubuhi si ulisema ni mwizi?"

"Asubuhi nilikuwa sina habari kamili."

"Hiyo video ipo, Chairman," Marjan akasema kwa upole. "Tuiangalie basi, ili iwe na heshima."

Khisa akaiweka simu juu ya kopo la mafuta. Watu wakabanana. Kwenye video ni kichochoro hiki hiki, soda, maputo mawili. Akeyo amefika mapema kuliko wote, yuko mbele kabisa ya foleni, kidole ameshakinyoosha kwenye simu. Inasikika sauti: "Hapana, hapana. Protokoli. Chairman kwanza." Mkono wa kaunda suti unaingia kwenye picha, unamshika Akeyo kiwiko, unamsogeza nyuma kama kiti. Obita anabonyeza kidole. Anageuka, anapungia kamera. Halafu nyuma yake, Akeyo anabonyeza. Halafu wengine.

"Mmeona," Obita akasema. "Kwanza. Kabisa kabisa kwanza."

"Tumeona," Marjan akasema. "Khisa. Mashine ikihesabu watu, inaanza na ngapi?"

Khisa alikuwa amechagua kusimama upande wa pili wa jiko la jirani, makaa yakiwa kati yake na Obita. "Sifuri, afande."

"Kwa hiyo mtu wa kwanza kubonyeza ni namba ngapi?"

"Sifuri."

"Na wa pili?"

"Moja."

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Mmoja alimaliza kabla ya wengine. Ilikuwa Lakica. Alijishika tumbo, unga ukaruka.

"Banange, jamani," akasema. "Yaani mzee alijisukuma mwenyewe mpaka sifuri."

"Angeniacha pale mbele," Akeyo akasema polepole, kama anaonja chumvi, "mimi ningekuwa sifuri. Na yeye angekuwa moja. Kila Jumatatu yeye."

"Mpaka dunia iishe," Marjan akaongeza.

Hapo ndipo kichochoro kilipopasuka. Mtu aliangukia benchi. Mwanafunzi mmoja ukutani akaita "Chairman Sifuri," na jina likashika, lilisikika linatembea kutoka jiko hadi jiko likipikwa. Akeyo akamwendea Obita, akampa mkono, akapiga goti kidogo la heshima.

"Asante, Chairman. Nimesukumwa na watu wengi kwa hii Kampala. Hakuna aliyewahi kunisukuma vizuri hivyo."

Obita akaupokea mkono kwa sababu protokoli haisemi ufanye nini kingine.

Lakica akauliza, wale wanaosema Akeyo aende wainue mkono. Hakuna mkono. Hata wa Chairman, ambao ulikuwa unatafuta leso. Akeyo akafungua ile kanga ya kiunoni, akaikunja, akaiweka begani, akaanza kupuliza makaa.

Khisa akaomba msamaha kwa watu wote, akaahidi ataandika upya, namba ya bahati itoke kwa mtu wa tatu anayejulikana, na safari hii atasoma mpaka kwa sisimizi. Lakini alihitaji wiki. Na kura ya leo, watu wakauliza, si ni Jumatatu? Kura ya asubuhi si imekuwa bure?

Damu ikarudi usoni kwa Obita.

"Ndoo," akasema. "Ndoo ipo. Turudi kwa kitu yetu tulizoea. Ngoja nailete."

Akaenda kibandani kwake, kule mwisho. Alikawia kidogo. Kulisikika mlango wa kitu kizito ukijifunga, ule mlango wenye mpira pembeni. Akarudi anatembea haraka, ndoo imefunikwa na kitambaa, akaiweka mezani.

"Nati ziko zote. Kwa protokoli, Chairman anachota."

"Leo polisi inachota," Marjan akasema.

"Afande, si lazima, utachafuka."

"Nimezoea. Nilitoa karatasi ndani ya printa."

Watu wakacheka, wakampisha. Marjan akakunja mkono wa shati, akauingiza chini ya kitambaa. Nati zilikuwa na joto la saa kumi, joto la kichochoro chenye majiko kila upande. Hii ya moto. Hii ya moto. Hii pia. Mkono wake ukatembea bila haraka, kama unatafuta alama ya kidole kwenye glasi. Halafu ukasimama kwenye moja ya baridi.

Alimwangalia Akeyo. "Mama, asubuhi uliniambia nini kuhusu ile nyekundu?"

Mwiko wa Akeyo ukabaki hewani.

Marjan akatoa nati, akaiweka katikati ya meza. Nyekundu. Kitambaa kilikuwa cheupe, na chini ya nati duara la maji likaanza kukua, polepole, kila mtu akiliona. Lakica ndiye wa kwanza kugeuza kichwa kuangalia mwisho wa kichochoro, kwenye friji ile moja. Halafu wengine, kichwa baada ya kichwa, halafu wakarudi pamoja kumwangalia mwenye friji.

Nati ilikuwa inatoka jasho. Chairman pia.